Hina Isiyofifia

Mshangano, Songea
14 Aprili 2024

Bi Mwamvua,

Shikamoo sikupi kwanza, maana umri wako siujui na sababu ya kukuheshimu bado sijaiona. Mimi ni Leticia, mke wa Thadei, yule anayekausha tumbaku kwenye mabani ya huko Namtumbo na ambaye, nimeambiwa, chakula chake cha mchana na cha jioni kiko kwako. Tulifunga ndoa kanisani, watu wakaona. Tuna watoto wawili: Calvin wa miaka mitatu, na Theodosia ambaye sasa hivi yuko kwenye ziwa langu anavuta kalamu, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Ningekupigia simu. Lakini simu ya nyumba hii hukaa kwa mama mkwe wangu, ambaye husikia hata ninayoyawaza. Halafu nikikupigia nitakutukana, na Calvin siku hizi anashika kila neno. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Habari kaniletea Abasi, konda wa gari la Namtumbo. Alishusha mzigo wa mihogo hapa kwetu akawa anacheka peke yake. Nikamuuliza, unacheka nini? "Shemeji, mumeo huko anaishi! Jumapili nimempita kwa mama wa chakula, kaegemea ukuta, mguu uko juu ya mapaja ya mwenye nyumba, anatolewa funza kama mtoto wa chifu." Nikacheka na mimi, ili aondoke.

Sasa nisikilize. Nimezaliwa hapa hapa. Funza ni wa kiangazi, wa vumbi la mwezi wa saba na wa nane. Leo mvua bado inanyesha, matope yamefika mlangoni. Funza wa masika katoka wapi?

Na hata angekuwepo, mume wangu namtoa funza mimi. Yule mwanamume mguu wake hampi mtu. Siku ya kwanza nilipomtoa tulikuwa wachumba, alijifunga kitambaa machoni asiione pini, mtu mzima na ndevu zake. Naichoma pini kwenye moto, nazunguka pembeni polepole, nautoa mfuko mzima bila kuupasua, napaka mafuta ya taa. Nikimaliza ananiita daktari. Hilo jina ni langu. Wenzangu walipoposwa walipewa vitenge, mimi nilipewa mguu.

Halafu kuna Pasaka. Alikuja, akalala na soksi. Asubuhi anaoga tuende kanisani, nikakiona kisigino: weusi, kingo zimepindapinda kama mtu aliyechora kwa haraka. Nikauliza. "Rangi ya viatu." Viatu vyake ni vya kahawia. Na Idi, nilipomtuma mtu amwambie Calvin ana homa, alimkuta kwako anakula pilau. Nasikia huko kwenu Tunduru bwana harusi hupakwa hina nyayoni. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kuunganisha mambo naweza.

Niambie tu kama mmefunga ndoa. Sitakuja na panga. Nataka kujua ili niache kumfulia soksi.

Leticia,
Mama Calvin


Namtumbo
18 Aprili 2024

Mdogo wangu Mama Calvin,

Salaam nyingi. Marahaba, ingawa hukuniamkia. Nina miaka arobaini na tatu, kwa hiyo siku ukiwa tayari nitaipokea.

Barua yako Abasi kanipa mbele ya wateja, akasimama pale anasubiri nicheke. Nimemfukuza kwa mwiko.

Mguu wa mumeo ulikuwa mapajani mwangu? Ulikuwa. Sikatai. Mlango ulikuwa wazi, sufuria ya maharage ilikuwa jikoni, na kila aliyepita aliona. Ulikuwa na funza? Hapana. Abasi haoni shimo lililo barabarani, ataona funza?

Ndoa? Mdogo wangu, mumeo kila Jumamosi anakwenda kula kitimoto, nguruwe huyo wenu, kwa Hironimus, akirudi anataka maji ya kunywa kwangu, namwambia shika kikombe chako cha plastiki, vyangu usiguse. Shehe gani atanifungisha ndoa na huyo? Nimetoka eda, sijatoka akili.

Hapo kwenye hina nilicheka, halafu nikakaa chini, kicheko kikaisha. Hina ya kwetu, hata ikikolea namna gani, mwezi hauishi imefifia. Akija nyumbani mvue hiyo soksi uangalie. Ukikuta imefifia, njoo hapa unitukane mbele ya watu, na kiti cha kukalia nitakupa.

Zaidi ya hapo siwezi. Mwenye mguu ameniapisha nisiseme, na kiapo kwetu si mchezo. Yangu mwenyewe naweza kukusimulia. Nilikuwa na mume, Alfani, tukiishi kwetu Tunduru. Alitokewa na weusi unyayoni, mdogo kama punje ya choroko. Tuliutoboa tukidhani ni mwiba. Tukaukata kwa wembe, tukaweka majani, tukaambiwa ni kidonda ndugu. Ukapanuka. Ukatoka mtoki kinenani, halafu kifua kikaanza kumbana, halafu nikawa mjane. Wakati ule hatukumjua mwingine mwenye kitu kama kile, nikadhani ni balaa letu peke yetu. Siku hizi, kila msimu wa tumbaku, watu wakivua gambuti mlangoni kwangu natazama miguu kabla ya nyuso, na ninayoyaona yanazidi kuongezeka.

Muulize mumeo. Muulize kwa upole.

Mwamvua binti Hamisi


Mshangano
21 Aprili 2024

Baba Calvin,

Nimekutumia fulana mbili na mahindi mabichi ya shamba la nyuma. Abasi usimpe asante, keshaipata kwa kunisimanga.

Nimemwandikia yule mama, na amejibu. Ana maneno mazuri kuliko yangu, ndiyo maana simwamini. Amesema nikuulize kwa upole. Yaani sasa kuna mwanamke wa kunifundisha sauti ya kukuulizia wewe. Haya, nauliza kwa upole: kisiginoni una nini?

Kiangazi kilichopita palikuwa na kijidoa pale. Nilikitoboa nikidhani ni funza, hakikutoka kitu ila damu, ukasema niache. Kiangazi kikaisha hujanipa mguu tena. Nilidhani nilikuumiza, nikanyamaza nikingoja wewe mwenyewe uulete. Sasa nasikia mguu umepata pa kukaa.

Kuna nini ambacho yeye anakijua na mimi siambiwi? Ungenipiga ningelia yakaisha. Hili la kwamba mtu wa Namtumbo, aliyekujua jana, amefungiwa siri yako moyoni, na mimi niliyekuzalia nasomewa salaam, hili linanikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Theodosia meno yanatoka, analia na kunyonya kwa wakati mmoja. Calvin anakimbilia njiani kila gari likipiga honi. Nimechoka, Thadei, lakini sijachoka na wewe. Njoo. Na uje bila soksi.

Leticia


Namtumbo, mabanini
27 Aprili 2024

Mke wangu,

Mahindi nimeyapata, tumeyachoma, wenzangu wanakusalimu. Kuja sasa siwezi. Majani yako juu na moto hauachwi peke yake. Ukizidi yanaungua, ukipungua yanaota ukungu. Tumbaku ikishauzwa nitakuja tupaue kile chumba cha pili.

Yule mama usimwandikie. Hana kosa.

Kuhusu mguu, nimeandika hapa nikafuta, nikaandika nikafuta. Yule mama kaniambia kwamba wewe umeona hina. Basi iwe hina. Kasirika. Nakujua ukikasirika: unakula, unalima, unagombana na mama, unalala fofofo. Kuliko kitu kingine, afadhali hasira. Usiniulize tena.

Waambie watoto baba yupo.

Thadei


Mshangano
1 Mei 2024

Bi Mwamvua,

Amekubali. "Basi iwe hina," kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Wewe umenizungusha na kikombe cha plastiki, yeye kakiri. Hongereni.

Nimeisoma barua yako upya, sasa nimeielewa. Kila msimu unatazama miguu ya wanaume kabla ya nyuso. Umejitaja mwenyewe, sikukulazimisha. Unasema unayoyaona yanaongezeka. Hata huku yanaongezeka: Jumapili asizokuja zinaongezeka, na maneno ya majirani, na mama mkwe kunitazama kwa huruma, ambaye hakuwahi kunihurumia hata nilipokuwa leba. Habari ya marehemu mumeo, Mungu amrehemu, niliisoma nikalia. Halafu nikajikasirikia kwa kulia. Nikasema, huyu alizoea kuosha miguu ya mume, mikono imekosa kazi, sasa imempata wa kwangu.

Nimejaribu kuona unachonizidi. Nina miaka ishirini na sita na kiuno cha bibi. Nikiinama kuokota mwiko, maziwa yanamwagika. Sina blauzi ambayo bega lake moja halijatapikiwa. Wewe nadhani unanukia udi. Mtu anakuja, anavua kiatu, unampokea, unamsikiliza mpaka amalize. Mimi akija namkabidhi mtoto kabla hajaweka mfuko chini. Hilo nalijua, usidhani silijui.

Lakini ukimchukua, mchukue na yote. Anaongea usingizini. Mlenda hali. Ukimtoa funza usipasue mfuko, anavimba. Mguu wa kushoto ndio wenye woga, uanzie wa kulia.

Haya sijakuandikia kwa sababu nimekuachia. Tarehe kumi na mbili nakuja Namtumbo na watoto wangu wote wawili, na mlango wako huo unaoacha wazi utaniona nikiingia.

Leticia


Namtumbo
4 Mei 2024

Mama Calvin,

Usisubiri tarehe kumi na mbili.

Kiapo nimekivunja asubuhi hii. Kafara yake ni kufunga siku tatu na nimeshaanza. Wateja wanashangaa naonja mchuzi kwa kunusa. Nimekivunja kwa sababu mumeo ameniambia alichokuandikia. "Afadhali aamini ana mke mwenza," kanambia, anatafuna ugali. Nikampokonya sahani. Nikamwambia, Thadei wewe ni mjinga, unamtupia mwenzako wivu achomeke nao huko ili wewe huku ufe kwa nafasi?

Hina hakuna. Ile ni kansa ya ngozi.

Mwezi wa pili alivua gambuti mlangoni kwangu, zimejaa maji, nikaona kisigino, nikadondosha sahani. Nikamsumbua mpaka akaenda hospitali siku waliyokuja madaktari wa ngozi. Walikata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa mbali. Jibu lilikuja Pasaka imekaribia. Ndiyo soksi hiyo. Na ile Jumapili ya Abasi, niliuweka mguu mapajani nikashika chini yake kioo cha Alfani cha kunyolea ndevu, ili mwenyewe auone vizuri, maana unyayo mtu hautazami, anaukanyaga tu. Alikuwa akikwepa kuutazama toka apewe jibu. Alipouona ndipo akaegemea ukuta. Abasi akadhani ni starehe.

Madaktari wanataka wakate, na wanataka haraka. Yeye anasema tumbaku kwanza. Alfani alisema korosho kwanza.

Yule daktari aliyempokea ni binti tu, labda analingana na wewe. Nikamuuliza, hiki kitu ni kipya? Mbona zamani hatukukisikia? Akasema alipokuwa anajifunza kazi, akitokea mgonjwa wa unyayo namna hii, wanafunzi wote waliitwa waje waone, maana hawakujua watamwona lini mwingine. Sasa kila akizunguka wilayani anawakuta, na hakuna anayeitwa. Nikasema, basi inaongezeka. "Mama, nikikwambia ndiyo kwa uhakika nitakudanganya. Huenda inaongezeka kweli. Huenda pia ilikuwepo, watu wakazikwa nayo kwa majina mengine, na sasa ndiyo tunaanza kuitazama." Toka siku hiyo silali vizuri. Alfani nilimzika kwa jina la kidonda ndugu. Aliyemtangulia mtaani kwetu naye vilevile. Wao nani aliwahesabu?

Akanieleza pia kwamba hii si ile ya jua inayowapata ndugu zetu wenye ualbino. Hii kwa sisi weusi hupenda kujificha chini: unyayoni, kiganjani, ndani ya ukucha, mahali ambapo mtu anasema ni mwiba, ni msumari, ni funza.

Umeuliza nakuzidi nini. Nakuzidi kuchelewa tu. Mimi nilishachelewa, wewe bado. Udi sina, nanuka maharage. Na kama ni wivu, mwenye wivu hapa ni mimi, tangu siku nilipoona anaishona ile fulana uliyomtumia ilipochanika badala ya kuitupa. Wako bado ana mguu wa kuvuliwa soksi.

La kwangu halisikii. La kwako atalisikia. Njoo.

Mwamvua


Mshangano
6 Mei 2024

Thadei,

Barua hii Abasi atakupa asubuhi, na mimi nitashuka kwenye gari la mchana. Kwa hiyo una muda wa kuosha miguu, huna muda wa kutunga uongo mwingine.

Najua. Yule mama usimlaumu, amefunga saumu kwa ajili ya mdomo wake.

Moto wa bani mwachie mwenzako. Tumbaku ikiungua iungue. Usinieleze habari ya chumba cha pili, nitalala na watoto kwenye mkeka, nimeshalala. Ulinipa hina nishike ili nisishike kansa. Nimemchukia mwanamke asiye na kosa kwa nguvu zangu zote, nguvu ambazo ningelimia shamba lote la bondeni. Na wewe ulijua, ukaacha niendelee, ukasema afadhali.

Afadhali ya nani?

Nataka kukupiga na nataka kukubeba, na mgongoni tayari yuko Theodosia. Kaa mlangoni umevua.

Mkeo


Mshangano
30 Juni 2024

Shikamoo dada Mwamvua,

Ndiyo, nimekuamkia. Itikia, halafu endelea kusoma.

Siku ile nilipofika kwako nilikuwa nimepanga maneno toka Songea. Ukanitazama, ukamtoa Theodosia mgongoni, ukanivutia kiti. Kumbe ulikuwa umeahidi kiti. Nikakaa, maneno yakapotea, na yule mwanaume akawa amesimama pale na miguu mitupu kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Wamemkata. Wametoa nyama ya kisigino, kipande kinene, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Na kinenani walikuta mtoki ambao alikuwa hajakwambia hata wewe. Nao wameutoa, umepelekwa kupimwa, jibu halijarudi. Nakwambia kama lilivyo, maana nimechoka na vilivyofichwa. Daktari hajaniahidi kitu. Amesema tungekuja kiangazi kilichopita ingekuwa kazi ndogo, na tungengoja tumbaku iuzwe asingekuwa na la kutufanyia. Tumo katikati hapo. Katikati nimeshapazoea.

Niliuliza habari ya pini. Nilimvizia daktari kwenye korido Thadei asisikie. Nikasema, nilikitoboa mwenyewe, je ni mimi? Akasema pini haileti kansa, mama, kilichokuwepo kilikuwepo. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nilipomsimulia Thadei akageukia ukutani, akasema, "Ndiyo maana sikutaka ujue. Nilijua utajiuliza hilo kabla ya jingine lolote." Dada, mimi na huyu mtu tutagombana mpaka tuzeeke, Mungu akitupa kuzeeka.

Wodini safu yetu nzima ilikuwa nyayo. Mama mmoja wa Madaba aliambiwa msumari, akaupaka grisi mwaka mzima. Mzee wa pembeni yake alikatwa kwa wembe na mjukuu. Jioni tunaulizana, wewe kilianzaje? Mimi kama punje. Mimi kama wino. Nesi mmoja wa siku nyingi alisema zamani akimwona mmoja wa namna hii alikuwa anakwenda kusimulia nyumbani, sasa hata hasimulii. Nimerudi huku nikamuuliza mama mkwe. Akaanza kunyoosha kidole kutoka hapo barazani: nyumba ile, yule fundi, na ile pale, mke wa kwanza wa jirani yetu. Wote kidonda ndugu. Mimi mwenyewe nikamkumbuka baba yangu mkubwa, alivyokuwa anaburuta mguu tukimcheka. Kwa hiyo kama inaongezeka au tunafumbuka macho, mimi siwezi kusema. Ila nimekuwa kama wewe. Wanajumuiya wakija kusali kwetu wakivua viatu mlangoni, salamu naitoa nikiwa nimetazama chini. Wiki iliyopita nilimshika mguu mtu wa watu katikati ya rozari. Ilikuwa lami.

Sasa nikwambie ukweli, maana wewe ulinivunjia kiapo. Wivu haujaisha. Nilidhani nikijua si hina utaondoka. Umehama tu mahali pa kukaa. Nakuonea wivu kwamba uliuona kwanza. Nakuonea wivu kwamba alilia kwako, kaniambia mwenyewe, akidhani ananifurahisha kwa kusema kweli. Na ile saumu yako, dada, ile ndiyo inayoniuma kuliko ndoa ya mkeka. Mwanamke wa dini nyingine ameshinda na njaa kwa ajili ya mume wangu, na mimi mkewe siku hizo hizo nilikuwa nimeshiba hasira. Sikulaumu. Nakwambia tu ukiniona nimenuna ujue ni hilo, litapita, halafu litarudi.

Juzi nilipomfungua bandeji akaniita daktari. Nilitoka nje na beseni nikasimama nyuma ya jiko mpaka maji yakapoa.

Daktari mwenyewe, yule wa kweli, alisema kila mwezi aangaliwe: nyayo zote mbili, katikati ya vidole, chini ya kucha, kovu lenyewe, na kinena. Akauliza, nyumbani nani atamwangalia? Thadei akafungua mdomo. Nadhani jina lako ndilo lililokuwa linakuja, kwa sababu wewe ndiye unayejua, na hakuwa na ubaya. Nikasema, "Mimi." Nilisema kwa nguvu mpaka yule mama wa Madaba akacheka na kushika mshono wake.

Lakini kujua sijui. Weusi mbaya na weusi wa kawaida nitautofautishaje, na sisi wote ni weusi? Nimekaa na mguu huu mapajani nikautazama mpaka ukawa ramani, sielewi nasoma nini. Kwa hiyo njoo. Jumamosi ni nzuri. Abasi atakuleta, nimeshamwambia akitania hata neno moja namshusha kwenye gari lake mwenyewe. Nitapika maharage, ingawa Thadei anasema ya kwako yanamshinda mtu kuacha, na hilo nalo nimelisikia. Kitimoto hakitaingia humu, vyombo nimevisugua kwa majivu, vikombe vyote ni vya kwako.

Njoo na kile kioo cha Alfani. Utakaa upande wa dirisha penye mwanga, utanionyesha kwa kidole kipi cha kuogopa na kipi cha kuacha, utarudia mpaka nishike.

Mguu nitaushika mimi.

Mdogo wako,
Leticia